Fundo Kwenye Kanga ya Dada

Dada yangu alikuwa na majina mia mbili na kumi na nane ya marehemu wetu kichwani mwake, naye akanikabidhi yote, moja baada ya jingine, kwa Jumamosi saba. Mimi nikayapoteza kwa vidole viwili. Ninaandika haya nikiwa na macho yanayoona, magoti yanayokubali kusujudu na chakula cha leo ndani ya nyumba, na kwa hayo namshukuru Mwenyezi Mungu kila ninapoamka. Lakini sitaki msomaji adhani kwamba shukrani huondoa uzito. Hukaa vyote viwili kifuani, na hakuna kinachompisha mwenzake.

Kwetu Kisarawe hitima haiishii kwenye kisomo. Juzuu zikishafungwa, kabla sinia za wali hazijatoka, huja kurehemu. Waliotangulia hutajwa mmoja mmoja, jina lake na la baba yake, ili thawabu za kisomo zifikishwe kwao. Familia nyingi hutaja watu watano au sita kisha husema “na wote waliotangulia”, nao wanaokaa mkekani huitikia amin. Familia yetu haikufanya hivyo. Bibi yetu alikuwa akisema kwamba marehemu asiyetajwa ni kama mgeni aliyeachwa uani wakati wenzake wanaandaliwa chakula. Yeye aliwataja wote. Akamfundisha mama, na mama akamfundisha dada. Dada alikaa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, akataja, na shekhe aliyeongoza dua akarudia kwa sauti.

Majina yalikwenda kwa milango, yaani koo ndogondogo ndani ya ukoo. Kulikuwa na mlango wa baba, mlango wa mama, watu wa Mzenga, watu wa Maneromango, na mwisho kabisa watoto, wale waliopewa jina siku ya saba wakafa kabla ya kutambaa. Makaburi yao hayana maandishi. Mengine yako chini ya mikorosho, kichwani jiwe na miguuni jiwe, na mengine yameingia ndani ya uzio wa mtu. Mahali pekee walipokuwa wameandikwa ni kwenye kinywa cha dada.

Mwaka juzi, katika hitima ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, alifika kwa watu wa Mzenga akanyamaza. Shekhe alingoja. Sote tulingoja. Tulimsikia nyuma ya pazia akirudi mwanzo kabisa, kwa baba wa babu, kwa sababu majina yale alijifunza kama mnyororo na hakuweza kuanzia katikati. Akaja nayo mbio, akafika palepale, akanyamaza tena. Shekhe, mtu mwenye huruma, akafunga dua kwa wote. Sinia zikatoka. Kula nilikula, lakini sikumbuki nilikula nini.

Baada ya chakula aliniita ndani.

“Bwana mdogo,” aliniambia. Yeye ana miaka themanini na moja, mimi sabini na miwili, na hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuniita hivyo. “Hiki nini kilichoniingia?”

“Uchovu tu, dada.”

“Uchovu wa nini? Nimelima leo? Nimekaa kutwa nzima kama bibi harusi.”

Akanyoosha kanga yake.

“Wewe umefanya kazi miaka yote na yale madude ya kutunza kumbukumbu. Lako linaweza kuwabeba watu wetu?”

“Linaweza.”

“Wote?”

“Wote, na wengine wasiozaliwa.”

“Hao waache wazaliwe kwanza.”

Kisha akaniwekea masharti. Hakutaka daftari. “Daftari likizeeka linakwenda kwa muuza karanga,” alisema. “Jina la baba yangu lina jina la Mola wake ndani. Sitaki lifungiwe karanga stendi.” Hakutaka nimrekodi sauti. “Nikinyamaza mimi, na sauti yangu inyamaze.” Na sharti la tatu, ambalo ndilo lililoniangamiza: majina yakae mahali pamoja tu mpaka yeye atakaposema yametimia na tuyafunge kwa dua. Baada ya hapo nigawe nakala kwa yeyote nimtakaye. Kitu kisichotimia hakigawiwi, alisema, hata ubwabwa hugawiwa ukiiva.

Nilikubali. Mimi ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya umma Kibaha, niliwahubiria makarani kila asubuhi kwamba kazi isiyo na nakala mbili si kazi. Nilikubali kwa sababu ni mkubwa wangu, na kwa sababu tangu utotoni nilifundishwa kwamba amana hupokewa kwa masharti ya mwenye nayo. Na nilidhani ni wiki chache tu, zitapita.

Lazima sasa nieleze programu yenyewe. Nitaieleza polepole, kwa kuwa kosa langu lote limo humo.

Niliiandika zamani kwa ajili ya madrasa yetu ya Tangini, huku Kibaha ninakoishi, kutunza majina ya watoto na juzuu ambayo kila mmoja amefikia. Ilikuwa nyepesi. Ukiandika jina, linakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ile inayopotea umeme ukikatika. Ukitaka kumaliza, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile kilichoandikwa Ctrl na kile cha C. Kwenye kompyuta, vitufe hivyo viwili ni ishara ya kukatiza. Mfumo wa kompyuta huipeleka kwa programu kama mtu anayebisha hodi. Programu isiyojiandaa hufa palepale. Iliyojiandaa huwa na sehemu ndogo ya kuipokea ishara, na hufanya kile ilichoagizwa. Yangu niliiagiza hivi: ishara ikifika, hifadhi majina yote kwenye faili, kisha jifunge. Ilifanya hivyo miaka mingi bila kunikosea.

Nilipowaza kuwaweka marehemu humo, binti yangu, ambaye ni mwalimu na anaishi Mkuza, alikuja kunitembelea akachungulia juu ya bega langu.

“Baba, hii yako inaweka tu, haijibu,” alisema. “Mtu akitaka kujua fulani ni mjukuu wa nani, atasoma orodha nzima?”

Alisema kweli. Basi nikapachika ndani ya programu yangu kile ambacho watu wa fani yetu huita mkalimani. Ni lugha nyingine ya kompyuta inayoishi ndani ya programu. Unaandika mstari mmoja, inautekeleza hapo hapo, inakujibu, inakaa kukungoja uandike mwingine. Sasa ningeweza kuuliza watoto wa fulani ni akina nani, na ningejibiwa kabla sijavuta pumzi.

Ila sasa nyumba moja ilikuwa na wenyeji wawili. Mtu akibisha hodi, aitike nani? Hilo sikujiuliza. Mkalimani yule, kila alipoamshwa, aliiondoa sehemu yangu ya kupokea ishara akaweka yake, wala hakuniarifu. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa wazi, lakini mimi sikuyasoma mpaka mwisho. Jumamosi ya kwanza nilipobonyeza vitufe viwili ili nifunge, programu haikufunga. Iliachana na mstari niliokuwa nao ikaningoja tena, imetulia, kana kwamba sikusema kitu. Siku ile niliokoka kwa kuandika amri ya kuhifadhi kwa mkono.

Niliporudi Tangini nilikuwa nimekasirika kidogo, kama mzee aliyekuta mgeni amehamisha kiti chake. Nikaandika mstari mmoja tu, wa kurudisha sehemu yangu baada ya mkalimani kuamka. Nikajaribu. Nikabonyeza: ikahifadhi, ikafunga. Nikasema alhamdulillahi nikaenda kupalilia mihogo yangu. Nilikuwa nimeijaribu mkalimani akiwa amekaa tu, ananingoja. Sikuijaribu akiwa na mzigo mkononi.

Kila Jumamosi nilifika Kisarawe kabla ya adhuhuri. Tukishaswali tulikaa barazani, yeye akisuka ukili wa mkeka, mimi na kompyuta mapajani. Alianza na baba wa babu na hakuwa na haraka. Siku nyingine alifika kwa watu wa Mzenga akapotea, tukarudi mwanzo, na safari ya tatu au ya nne mlango ukafunguka wenyewe akapita. Hapo uso wake uling'aa kama wa msichana. Sijawahi kumpenda dada yangu kama nilivyompenda Jumamosi zile.

Jirani yake ni bibi wa Kinyamwezi, mtani wetu, ambaye hakuweza kupita bila kutia neno.

“Mnawafungia marehemu kwenye hilo sanduku?” aliuliza siku moja, ndoo kichwani. “Betri ikiisha je, mtawazika mara ya pili?”

“Wewe ukifa hatukuweki humu,” dada akamjibu bila kuinua macho. “Utajaza nafasi.”

“Msihangaike. Mimi niandikeni juu ya mfuniko, nipate upepo.”

Alikwenda zake akicheka, na dada akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo alilifanya kila mara. Akiwa katikati ya kutaja watu wa nyumba fulani, baba na wanawe, mtu akabisha hodi au adhana ikaanza, hakuitika. Mkono wake uliacha ukili, ukashika pindo la kanga, ukafunga fundo, na kinywa kikaendelea kutaja. Alipomaliza watu wa nyumba ile aliliangalia fundo, akalifungua, ndipo aliposema “karibu” au akainuka kutia udhu.

Nilimuuliza kwa nini.

“Nikiitika katikati, nitamwacha mtu mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje,” alisema. “Nafunga fundo nijue nimeitwa. Nikimaliza nyumba, naitika.”

“Na aliyebisha hodi?”

“Atangoja. Kwani kabisha kwa wafu? Kabisha kwangu.”

Nilicheka. Nilimwona akifanya hivyo Jumamosi saba, mbele ya macho yangu, kompyuta ikiwa mapajani mwangu, na nikaona ni mazoea ya bibi kizee.

Jumamosi ya saba tulifika kwa watoto. Aliwataja taratibu zaidi kuliko wakubwa. Baadhi yao walikuwa wa mama yetu, ndugu zetu wa tumbo moja ambao mimi sikujua hata kama walipata kuwako. Mmoja alinifuatia mimi mwenyewe, akaishi siku kumi na moja. Alipomtaja wa mwisho aliweka ukili chini.

“Wametimia,” alisema.

Nikahesabu kwenye kompyuta: mia mbili na kumi na nane. Tungefunga kwa dua baada ya alasiri. Lakini dada alikuwa na ombi moja.

“Hawa watoto wasikae mwisho peke yao kama mayatima. Kila mmoja muweke chini ya mama yake na baba yake. Linaweza hilo dude lako?”

Nikamwambia linaweza. Nikamwandikia mkalimani maagizo: mchukue kila mtu, panda naye kwa baba yake, kwa babu yake, mpaka juu kabisa, kisha umweke mahali pake katika nyumba yake. Nikabonyeza. Nikangoja. Jibu halikuja.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Kisarawe analijua. Kwetu mjukuu huitwa jina la babu yake. Kuna fulani bin fulani ambaye babu yake ni fulani yule yule kwa jina, na baba wa babu yake ana jina la baba wa mjukuu. Maagizo yangu yalitambua watu kwa jina lao na la baba yao tu. Mkalimani alipanda kutoka kwa mjukuu mpaka kwa babu, akamwona babu ana jina la mjukuu na baba mwenye jina lile lile, akadhani ndiye yeye, akashuka, akapanda tena. Alikuwa akizunguka katika nyumba moja ya watu wa Mzenga, akimtoa mtu mahali pake na kumrudisha, bila kikomo, naye asingechoka mpaka Kiyama.

Adhana ya alasiri ikaanza.

“Bwana mdogo, adhana hiyo,” dada alisema. “Kiache kitu chako.”

Nikabonyeza vitufe viwili.

Ninajua sasa kilichotokea ndani yake, hatua kwa hatua, kama daktari anavyojua mgonjwa wake alikufa vipi. Ishara ilifika wakati mkalimani ameishika orodha, jina moja limeinuliwa na bado halijawekwa. Sehemu yangu ya kupokea ishara haikumuuliza mwenzake yuko wapi. Ilimkatiza hapo hapo. Ikafungua faili ili iandike, na faili likifunguliwa kwa namna niliyoandika mimi, kwanza hufutwa yaliyomo. Kisha ikaanza kuyakusanya majina yote ili iyaandike kwa pamoja. Ikafika pale ambapo jina lilikuwa limeinuliwa, ikatia mguu, na hapakuwa na kitu. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mfupi wa Kiingereza unaosema kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Programu ikafa. Nikaliangalia faili. Ukubwa wake ulikuwa sifuri.

Nikaenda kuswali. Niliswali rakaa nne, na sijui nilisoma nini ndani yake. Nilirudi barazani nikamkuta dada juu ya mswala wake, ananingoja kwa dua ya kufunga.

“Yamekaa sawa?” aliuliza.

“Nitayaangalia vizuri nyumbani, dada. Dua tutaisoma Jumamosi ijayo.”

Nimeipima sentensi ile kila siku tangu hapo. Haikuwa uongo. Haikuwa kweli pia.

Siku nne, pale Tangini, nilipekua kompyuta ile nikitafuta mabaki. Zamani, kwenye mashine za ofisini, faili lililofutwa huacha alama na fundi mwenye subira huweza kulikusanya. Hizi za sasa zikiambiwa kwamba nafasi imeachwa, huifagia zenyewe zisibakize hata vumbi. Sikupata kitu. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaamua: Jumamosi nitakwenda, nitamwambia dada kweli yote, atanigombeza mpaka jirani asikie, kisha ataliokota ukili na kuanza upya kwa baba wa babu. Wiki nyingine saba. Nilijiandaa kwa kugombezwa huko kama mtu anavyojiandaa kwa sikukuu.

Alhamisi asubuhi yule jirani mtani alinipigia simu, na hakunitania. Dada alikuwa ameanguka jikoni. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na maneno yake. Alilazwa, akarudi nyumbani. Madaktari walifanya wajibu wao, Mungu awalipe. Anaelewa ukimwambia njaa, maji, swala. Kusema, husema nusu ya neno, na nusu nyingine humtoka machoni.

Katika siku zile za kukaa na kungoja niliyasoma maelezo ya mkalimani ambayo sikuyasoma mwanzo. Yanasema, na mafundi wote wenye akili husema, kwamba sehemu ya kupokea ishara haitakiwi kufanya kazi yoyote. Isihifadhi, isifunge, isiguse kitu cha mwenzake. Kazi yake ni moja tu, kuweka alama ndogo kwamba tumeitwa. Mkalimani aendelee mpaka afike mahali salama, alipoweka chini alichobeba. Hapo aiangalie alama. Akiikuta, ndipo aitike. Nilipofika kwenye maneno hayo niliifunga kompyuta nikaiweka sakafuni, na binti yangu aliyekuwa amekuja kutupikia akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana. Niliona mkono wa dada ukiliacha ukili.

Nimeirekebisha programu. Inaweka alama, inangoja, inamaliza, ndipo inapofunga. Nimeikatiza ikiwa na mzigo, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haijadondosha kitu. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Ndani yake kuna majina thelathini na manne.

Hayo ndiyo niliyoweza kuyakumbuka. Niliwazungukia ndugu, Kisarawe, Maneromango, mpaka Pangani ya hapa Kibaha alikohamia mtoto wa ami yetu. Kila mtu anamjua baba yake na babu yake, na wachache wanamjua mmoja zaidi. Wengi waliniambia majina niliyokuwa nayo tayari. Katika watoto ninao wawili tu, yule aliyenifuatia mimi na mwingine mmoja. Wenzao sijui walikuwa wangapi. Nilipohesabu siku ile nilihesabu wote pamoja.

Watu wananifariji kwamba Mwenyezi Mungu anawajua wote. Shekhe wetu ameniambia hivyo, na binti yangu, na hata yule jirani mtani. Ninaamini. Ndiyo dini yangu, nimeisomesha watoto wa watu, na sina chembe ya shaka kwamba hakuna jina lililompotea Yeye. Lakini Yeye hakuwa amepoteza chochote hata nifarijiwe kwa hilo. Amana ilikabidhiwa kwangu, na siku ya kuulizwa, sitaulizwa alichokijua Mola wangu. Nitaulizwa nilikiweka wapi nilichopewa.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, kompyuta pembeni kwa kuwa huwa ninaibeba tu. Aliiona. Akainua kidole cha mkono wa kushoto akaionyesha.

“So,” alisema. “So... ma.”

Sikuweza kujifanya sikuelewa. Nikaiwasha, nikaanza. Nilisoma mlango wa baba, na huo ninao karibu wote. Alifumba macho, midomo yake ikawa inatembea mbele yangu kidogo, inajua jina linalofuata kabla sijalitamka. Nilisoma mlango wa mama, wachache. Pale nilipomruka mtu alifumbua macho, akanitazama, akafumba tena, kama anayemsamehe mtoto. Nikafika kwa watu wa Mzenga. Nikasoma nyumba ya kwanza: baba, mwana, mwana. Walikuwa saba katika nyumba ile, hilo ninalikumbuka. Mimi nina watatu.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Mkono wake wa kushoto ukatembea juu ya shuka polepole, ukalitafuta pindo la kanga, ukalipata. Akalishika kwa meno, akalivuta kwa vidole, akarudia, mpaka fundo likafunga. Kisha akanitazama. Ananingoja nimalize nyumba.

“Dada,” nilimwambia. “Waliobaki hawapo. Si wewe uliyesahau. Niliwapoteza mimi, siku ile ile waliyotimia, uliponiambia nikiache kitu changu. Nisamehe.”

Alinisikiliza. Sijui alichukua nini katika maneno hayo. Uso wake haukubadilika. Adhana ilikuwa inakaribia kwisha.

“Ma,” alisema. “Ma... liza.”

Nikayasoma yale matatu tena, kwa kuwa sikuwa na mengine. Alipoona ninarudia, midomo yake ilijaribu kunitangulia, ikaenda hadi la tatu, ikafunguka kwa la nne, ikabaki wazi. Adhana ikaisha. Msikitini walikimu swala. Hakunyoosha mkono apewe mchanga wa kutayamamu badala ya udhu, kama afanyavyo siku zote. Bado alikuwa ananingoja.

Nikabonyeza vile vitufe viwili. Programu iliweka alama yake, ikamaliza jina ililokuwa nalo, ikahifadhi, ikafunga bila kasoro. Nilipoinua macho, dada alikuwa bado ameshika fundo.